Kugeuza Dracula kuwa filamu bubu ya baleti: anza na kasi ya kamera

Riwaya ya Bram Stoker ya 1897 imejengwa kwa shajara na barua. Hiyo ni nusu ya kazi: maneno yanaingia kwenye kadi (maandishi yanayoonyeshwa kwenye skrini kati ya picha), yaliyobaki yanachezwa.

Hatua ya 1: Matukio
Acha safari ya Transylvania. Mwongozaji filamu Guy Maddin, alipoipiga filamu baleti ya Royal Winnipeg Ballet mwaka 2002, alimtanguliza Lucy, msichana anayenyonywa damu na Dracula. Alifanya vizuri: Lucy anaposwa na wanaume watatu siku moja, kisha wanne wanamtolea damu kwa zamu. Hizo ni densi tayari. Kwa dakika 20, matukio sita yanatosha.

Hatua ya 2: Kasi
Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ili kupata mwendo wa harakaharaka wa filamu za kale, wanapiga fremu 18 kwa sekunde na kuonyesha 24. Kila kitu kinaongeza kasi kwa theluthi moja, na miguu inauacha muziki. Dawa ni kuupunguza muziki wakati wa kupiga picha: 18 kwa 24 ni asilimia 75. Lakini mruko haupunguziki. Mchezaji akishaondoka chini atarudi kwa muda uleule, hata muziki uvutwe vipi. Atatua kabla ya pigo lake, na kwenye skrini ataonekana kama panzi. Kwa hiyo kufukuzana, na Dracula akiinuka jenezani, piga kwa 18. Densi ya miruko piga kwa 22, muziki ukiwa asilimia 92. Shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) ibaki sekunde 1/50 muda wote, la sivyo taa za umeme wa hezi 50 zitapepesa.

Hatua ya 3: Wekundu
Mikanda mingi ya filamu ya zama zile haikuiona rangi nyekundu, ndiyo maana midomo hutoka myeusi. Kuiga hilo, piga kwa rangi, kisha unapogeuza kuwa nyeusi na nyeupe shusha chaneli nyekundu hadi 10, kijani 50, buluu 40. Tahadhari: ngozi ya kahawia hurudisha wekundu kuliko buluu, hivyo uso utazama gizani. Ongeza mwanga wa usoni maradufu, au bakiza nyekundu 30. Jaribu kwa kila mchezaji.

Hatua ya 4: Sakafu
Moshi wa mashine ukitua huacha utando unaoteleza, na aliyesimama kwenye ncha za vidole atategua kifundo. Elekeza mashine juu, piga deki kila baada ya teki (kurekodi tukio mara moja) mbili. Damu iishie kwenye nguo.

Hatua ya 5: Kadi na rangi
Kadi isizidi maneno 12. Isome kwa sauti mara mbili; huo ndio muda wake. Iingie muziki unapopumua, kamwe si mchezaji akiwa katikati ya mzunguko. Usiku utie buluu. Nosferatu, filamu bubu ya 1922 iliyotokana na Dracula, ilipiga usiku wake mchana, na kwenye nakala zisizotiwa rangi mnyonya damu anatembea juani.

Mtunzi wa muziki Mahler, ambaye Maddin alimtumia, alifariki 1911, kwa hiyo tungo zake ni huru kutumika. Rekodi ina mwenyewe. Pata kibali kabla ya mazoezi. Ukibadilisha rekodi baadaye, hesabu zote za hatua ya 2 zinaanza upya.