Kabla ya Kununua Vifaa Janja: Kupanga na Kubajeti kwa Nyumba ya Mtwara au Lindi

Kabla hujauliza bei ya balbu inayowashwa kwa simu au ya kamera ya getini, tenga jioni moja, chukua daftari, kisha izungukie nyumba yako kuanzia mlango wa mbele hadi stoo ukiandika kero zinazojirudia, si vifaa unavyovitamani. Ziandike kwa maneno ya kawaida: tangi hufurika usiku kwa sababu pampu imesahauliwa, taa ya uani huwaka mpaka asubuhi, bibi hupapasa ukuta gizani akiitafuta swichi, mgeni hubisha hodi na kuondoka kwa kuwa wote mko shambani. Kando ya kila kero andika hutokea mara ngapi kwa mwezi na hukugharimu nini, iwe fedha, maji, usingizi au hofu. Kero ambayo huwezi kuijazia safu hizo mbili iache, kwa sababu kifaa utakachoinunulia kitakuwa pambo.

Hatua inayofuata huwa inarukwa na wengi, nayo ni kujiuliza kama kero hiyo haiwezi kutatuliwa na kitu cha kawaida. Chukua mfano wa maji. Katika uwanda wa juu wa Makonde, upande wa Newala na Tandahimba, maji hupandishwa kwa pampu kutoka bondeni, na kila familia yenye uwezo huwa na tangi lake. Kwa hiyo tangi likifurika usiku kucha, hasara yake si ndogo hata kidogo. Duka litakuuzia kipima maji kinachotuma ujumbe kwenye simu yako ukiwa Masasi au Dar es Salaam. Lakini boya la umeme linaloning'inizwa ndani ya tangi hukata pampu maji yanapofika juu na kuiwasha yanapopungua, bila simu, bila bando na bila nywila. Nunua kipima maji endapo unahitaji kujua kiasi cha maji ukiwa mbali, kwa mfano nyumba ni ya kupangisha au kijijini wamebaki wazee peke yao. Kama unachotaka ni pampu izimike tu, boya linatosha, na fedha iliyobaki ina kazi nyingine.

Msingi kwanza: nyaya na umeme

Bei ya kifaa ni sehemu ndogo ya gharama yake, na mara nyingi sehemu kubwa imejificha ukutani. Niliwahi kununua swichi janja tatu kwa ajili ya nyumba yetu ya Mikindani, nikamwita fundi Jumamosi asubuhi, naye akafungua swichi ya sebuleni, akamulika kwa tochi ya simu, kisha akanitazama kama mtu anayetafuta maneno ya kuanzia. Ndani ya kile kiboksi kulikuwa na nyaya mbili tu: laivu inayoingia na nyingine inayopanda kwenye taa. Nyutro, yaani waya unaorudisha umeme, haikuwepo, na swichi zangu zilihitaji nyutro ili ziendelee kuwa hai hata taa ikiwa imezimwa. Nyumba nyingi zimesukwa hivyo, kwa kuwa swichi ya kawaida haina haja ya nyutro, na kuipitisha baada ya lipu kukauka maana yake ni kutindua ukuta. Swichi zile zilikaa kabatini karibu mwaka mzima, hadi nilipomgawia ndugu aliyekuwa ndiyo kwanza anajenga.

Kwa hiyo mlipe fundi umeme aje kukagua kabla hujanunua chochote. Afungue swichi mbili tatu na kukueleza kama nyutro ipo, apime kama waya wa athi, yaani ule unaoshuka ardhini, unafanya kazi kweli, kwa sababu kinga ya umeme mkubwa hutegemea athi nzuri, na aangalie hali ya soketi. Akikuta nyutro haipo, una njia mbili za heshima: balbu janja, ambazo hufungwa kwenye holda ile ile na kudai tu swichi ya ukutani iachwe imewashwa, au swichi zilizotengenezwa kufanya kazi bila nyutro, ambazo huchagua balbu na wakati mwingine huzifanya zimemete. Unayejenga sasa una bahati: mwambie fundi apitishe nyutro katika kila kiboksi cha swichi na bomba tupu kuelekea getini, darini na kwenye tangi, kwa sababu gharama yake leo ni ya waya na mabomba tu.

Soma pia maandishi madogo yaliyo kwenye adapta. Umeme wetu ni volti 230 na hezi 50, na soketi zetu ni za pini tatu bapa kama za Uingereza. Kifaa kilichoandikwa volti 100 hadi 240 hakina tatizo zaidi ya kutafutiwa plagi, lakini kilichotengenezwa kwa volti 120 pekee, kama ambavyo ndugu aliye Marekani anaweza kukuletea kwa nia njema, kitaungua siku ya kwanza.

Kisha fanya hesabu ya LUKU, ambayo ni rahisi kuliko inavyodhaniwa: wati za kifaa, zidisha kwa saa zinazotumika kwa siku, zidisha kwa siku 30, gawanya kwa 1,000, na jibu ni uniti za mwezi. Ruta ya wati 10 na kamera tatu za wati 5 kila moja ni wati 25 zisizolala, na wati hizo hula uniti 18 kwa mwezi. Kujua uniti moja inakugharimu kiasi gani, chukua risiti zako za miezi mitatu na ugawanye fedha ulizolipa kwa uniti ulizopata. Wateja wa majumbani walio katika kundi la matumizi madogo, ambao kikomo chao ni uniti 75 kwa mwezi, wanapaswa kuifanya hesabu hii kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa uniti zinazovuka hapo hutozwa bei ya juu sana. Nyumba inayotumia uniti 62 kwa mwezi ikiongeza zile 18 inafika 80, na faida yote ya taa zinazojizima inaweza kumezwa na bei mpya. Katika hali hiyo ningeanza na kamera moja tu.

Kwa ajili ya umeme unapokatika, bajeti iwe na UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba inayoshika kazi umeme ukikatika. Betri yenye uwezo wa wati-saa 32 huibeba ruta ya wati 10 kwa muda usiofika saa tatu, kwa kuwa sehemu ya nguvu hupotea njiani, muda ambao kwa makatizo mengi ya jioni unatosha. Hakikisha volti zake zinalingana na zile zilizoandikwa kwenye adapta ya ruta, kwani ruta za volti 5, 9 na 12 zote zipo sokoni na pini zake hufanana.

Intaneti: gharama isiyoisha

Hapa ndipo bajeti nyingi huvuja. Kamera inayotuma picha mtandaoni mfululizo kwa kasi ya megabiti 1 tu kwa sekunde hutumia karibu GB 10.8 kwa siku, yaani zaidi ya GB 320 kwa mwezi, na kwa mtu anayetegemea ruta ya laini ya simu, kamera ya namna hiyo itakausha bando kabla wiki haijaisha. Kamera hiyo hiyo ikipangwa irekodi kwenye kadi yake ya ndani na itume kipande cha sekunde 30 pale tu panapokuwa na mjongeo, mara 40 kwa siku, haitumii zaidi ya GB 4.5 kwa mwezi. Kadi ya GB 64 hutunza karibu siku sita za kurekodi mfululizo kwa kasi hiyo kabla ya kuanza kufuta za zamani. Kwa hiyo usinunue kamera isiyo na nafasi ya kadi, hata ikiwa nafuu, na uliza kama huduma ya kuhifadhi picha mtandaoni ni ya hiari au ya lazima, kwa sababu ada yake hulipwa kwa dola na haitazami kama korosho zimeuzwa.

Kabla ya kuchagua laini, azima laini za mitandao mitatu kwa jirani na watoto, ukae nazo ndani ya chumba kitakachowekwa ruta kati ya saa mbili na saa nne usiku, wakati kila mtu yuko mtandaoni, upime kasi. Mtandao ulio bora Ligula unaweza kuwa dhaifu Msimbati. Kumbuka pia kwamba vifaa vingi vya bei nafuu husikia waifai ya masafa ya GHz 2.4 pekee, masafa hayo hupenya ukuta wa tofali vizuri kuliko yale ya GHz 5, lakini kuta tatu za nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe kama zile za Mikindani na Kilwa Kivinje zinaweza kuyashinda, na hapo utahitaji kirudishi cha mawimbi ambacho nacho kinapaswa kuwamo katika bajeti.

Pendelea kifaa kinachoendelea kufanya kazi ndani ya nyumba hata intaneti ikiwa haipo. Tarehe 12 Mei 2024, hitilafu katika nyaya za baharini za EASSy na Seacom ilidhoofisha intaneti Tanzania na katika nchi jirani, na taa inayosubiri ruhusa ya kompyuta iliyo bara jingine haina la kufanya siku kama hiyo. Vifaa vinavyofuata kiwango cha Matter, kilichotolewa mwaka 2022, vimeundwa viweze kuongozwa ndani ya mtandao wa nyumbani, na faida yake nyingine ni kwamba havikufungi kwa kampuni moja.

Chumvi

Mkazi wa Shangani, Lindi mjini au Msimbati analipa kodi ambayo mkazi wa Masasi haijui. Upepo wa kusi hubeba chumvi mpaka ndani, na hukaa juu ya viunganishi vya shaba hadi vikawa vya kijani. Alama ya IP65 au IP66 kwenye boksi inazungumzia vumbi na maji, haitoi ahadi yoyote kuhusu chumvi. Weka kamera chini ya upenu, upande usiotazamana na bahari ikiwezekana. Tumia skrubu za chuma kisichoshika kutu. Funga viunganishi ndani ya kiboksi chenye mpira. Na uifute kila mwezi kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi. Katika bajeti, kadiria umri mfupi zaidi. Kamera ya shilingi 120,000 unayotegemea idumu miaka mitatu bara inadai uweke akiba ya shilingi 3,333 kwa mwezi ili uweze kuibadilisha. Pwani ihesabie miaka miwili, yaani shilingi 5,000 kwa mwezi.

Kugawa fedha na kuchagua wakati

Tuseme una shilingi 800,000. Mgawanyo ambao ningeutetea ni kwamba vifaa vyenyewe visizidi nusu, yaani 400,000. Shilingi 200,000 ziende kwa fundi, nyaya, UPS na ruta. 100,000 zilipie bando la miezi ya mwanzo. Na 100,000 zilizobaki zisiguswe, kwa kuwa kuna kifaa kimoja kati ya vitano au sita ambacho kitakataa kushirikiana na nyumba yako. Kisha andika gharama ya mwaka mzima katika mstari wake peke yake: bando la shilingi 30,000 kwa mwezi ni 360,000 kwa mwaka, kiasi kinachokaribia bei ya vifaa vyote. Ikiwa mstari huo unakutisha, punguza vifaa vinavyohitaji intaneti, usipunguze fundi.

Kipato cha wengi huku hufuata msimu. Minada ya korosho huanza kwa kawaida Oktoba, na ile ya ufuta hufanyika katikati ya mwaka, na fedha ikishaingia kupitia chama cha msingi kila mwenye duka analijua hilo. Malipo ya kwanza yana wenyewe: ada za shule, deni la pembejeo, bati. Nashauri vifaa visubiri malipo yanayofuata, na gharama za kila mwezi zihesabiwe kwa mwezi wa ukata kama Machi, si kwa Novemba. Ukiagiza kutoka Dar es Salaam, agiza kabla ya masika. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara ilikatika Somanga, wilayani Kilwa, na mizigo ya kusini ikakwama. Omba dhamana yenye risiti, uulize kifaa kibovu kinarudishwa wapi na nauli ya kukirudisha ni ya nani, kwa sababu dhamana ya mwaka mmoja inayodai safari ya Kariakoo ina thamani ndogo kuliko inavyosomeka.

Nunua kwa awamu. Awamu ya kwanza iwe kero moja tu, ile iliyojaza safu zake zote mbili vizuri zaidi, na uiache ifanye kazi mwezi mzima ukilinganisha risiti za LUKU na matumizi ya bando na ulichokadiria. Tofauti ikiwa kubwa, tafuta sababu kabla ya kuongeza kitu. Ikiwa ni kamera, itege hadi uone ua wako na geti lako bila kuingia uani kwa jirani, nawe mwambie ipo. Badilisha nywila ya kiwandani siku ile ile. Mwisho, andika kwenye karatasi kwa herufi kubwa namna ya kuwasha taa na kufungua mlango kwa mkono simu ikiwa imezima, uibandike ndani ya mlango wa kabati la jikoni, kisha umwombe bibi aijaribu peke yake huku umekaa nje.