Namna ya kumwachia nyumba kijana aliyelelewa ndani ya ukuta

Likizo kubwa ya Julai na Agosti ndiyo majira ambayo wazazi wengi wa Lubumbashi hufunga safari, kwa kuwa barabara ni kavu, shule zimefungwa, na arusi na matanga ya Likasi na Kolwezi hayangoji. Hapo huzuka swali la nani abaki nyumbani, na mara nyingi anayetajwa ni kijana wa miaka 16 au 17 ambaye mama yake humsifu kwamba hajawahi kuvuka lango bila ruhusa. Kwangu mimi sifa hiyo ndiyo ingepasa kukutia wasiwasi. Kijana ambaye hajawahi kushika fedha ya nyumba, wala kumkatalia rafiki mlangoni, wala kulala peke yake umeme ukiwa umekatika, hawezi kujifunza yote hayo katika siku nne huku wewe ukiwa umbali wa kilomita kama 300.

Kijana huyo nilikuwa mimi. Wazazi wangu walikwenda Kolwezi kwenye matanga, wakaniachia fedha ya siku nne katika bahasha moja na jenereta mpya barazani. Usiku wa kwanza walikuja marafiki wawili. Ilipofika saa tatu walikuwa tisa, na chakula cha siku zote nne kikaliwa, pamoja na kuku wa mama aliyekuwa akitaga. Siku ya pili sikuwa na fedha hata ya makala, yaani makaa ya kupikia. Siku ya tatu yaya, yaani ndugu mkubwa, wa rafiki yangu aliniomba nimkodishie jenereta kwa ajili ya sherehe huko Katuba, nami nikakubali, nikijiona nimezaliwa mfanyabiashara. Waliiongezea petroli usiku kucha bila hata mmoja kutazama mafuta ya injini, na alfajiri ikarudi juu ya mkokoteni ikiwa imekwama, kamba yake haivutiki. Jioni ya nne baba aliingia, umeme ukakatika kabla hajavua viatu, akaniambia, “Washa jenereta, mwanangu.”

Kosa la kuku lingekwisha kwa simu moja ya aibu. Jenereta iliharibika kwa sababu nilikuwa nikilificha kosa la kuku, na maandalizi yako yote yaelekezwe hapo.

Anza wiki tatu kabla ya safari, usingoje usiku wa kufunga mizigo. Jumamosi ya kwanza mpe kijana fedha ya matumizi ya nyumba kwa siku mbili, aende mwenyewe sokoni kununua unga wa bukari (ugali), sombe (kisamvu), mafuta na makala, kisha akuletee hesabu. Atapunjwa, mwache apunjwe. Jumamosi ya pili nendeni mkalale kwa ndugu katika mtaa mwingine wa mji huu huu, simu ikiwa wazi, ili alale peke yake akijua kwamba mnaweza kufika kwa nusu saa. Asubuhi usianze kukagua vyumba, bali muulize alichoogopa. Wadogo zake wasiachwe mikononi mwake mara hii ya kwanza, kwani kujilinda mwenyewe kunamtosha.

Kuhusu fedha, bahasha moja ni mtego. Mtumie kwa simu kila asubuhi kiasi cha siku ile tu, na umwachie akiba ndogo ya dharura kwa baba mkubwa au jirani unayemwamini. Ikiwa unamwachia dola, zikague moja moja, kwa maana noti iliyochanika hata ukingoni kidogo hukataliwa na wauzaji, na kijana mgeni wa mambo haya atajikuta ana fedha mkononi na njaa tumboni. Ufunguo wa gari usafiri nawe. Kuuficha kabatini hakusaidii, kwani alijua mahali pa maficho yako tangu akiwa na miaka minane.

Moto ndilo jambo la kutumia muda mrefu zaidi kumfundisha. Usiku wa Juni na Julai hapa kwetu ni wa baridi, na kishawishi cha kuingiza mbabula, yaani jiko la makala, chumbani na kufunga madirisha ni kikubwa. Makala yanayowaka hutoa monoksidi ya kaboni, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoshika nafasi ya oksijeni katika damu. Mtu huumwa kichwa, husikia kichefuchefu na usingizi, na anaweza kufa bila kuamka. Moshi wa jenereta una hewa hiyo hiyo, kwa hiyo isiwashwe ndani wala barazani penye madirisha, bali nje, angalau mita sita kutoka kwenye nyumba, bomba la moshi likielekea upande mwingine. Mwonyeshe kwa vitendo namna ya kupima mafuta ya injini kabla ya kuwasha, na kwamba petroli huongezwa injini ikiwa imezimwa na kupoa. Mwambie pia achomoe friji na televisheni umeme unapokatika, kwa sababu unaporudi huweza kurudi na nguvu ya kuviunguza. Mfanye arudie yote hayo mbele yako. Kuitikia “ndiyo, baba” si ushahidi kwamba ameelewa.

Kisha kuna marafiki. Tumewalea watoto wetu wakijua kwamba mgeni hafukuzwi, halafu tunashangaa wanaposhindwa kufunga lango. Patana naye idadi, tuseme wageni wawili na mwisho saa kumi na mbili jioni, na umpe sababu ya kweli ya kuwaambia wenzake: baba mkubwa atapita jioni. Ni lazima baba mkubwa apite kweli, kila siku kwa saa tofauti, na aketi ale. Si ulinzi tu, kwani sheria ya Kongo ya mwaka 2009 ya kulinda mtoto humhesabu mtu kuwa mtoto hadi atimize miaka 18, na jambo likitokea atatafutwa mtu mzima. Zamu, yaani mlinzi wa lango, naye aambiwe masharti hayo mbele ya kijana. Vinginevyo atamfungulia lango mtoto wa bosi wake kwa kuogopa kibarua chake, na si haki kumlaumu.

Pigeni simu mara mbili kwa siku. Usiulize kama yuko salama, maana jibu unalijua. Uliza makala yamebaki kiasi gani, amekula nini mchana, nani amepita. Na kabla hujaondoka, wekeaneni ahadi hii kwa maneno yaliyo wazi: kosa lolote atakalolisema kabla ya saa sita mchana wa siku inayofuata halitajibiwa kwa kelele kwenye simu. Ahadi hiyo itakuuma siku utakapoambiwa juu ya kioo cha dirisha, lakini ukiivunja mara moja tu hutasikia tena jambo lolote kwa wakati wake.

Wako wazazi wanaorudi siku moja mapema ili kumfumania kijana. Mimi nasema mwambie saa ya kufika, apate nafasi ya kufagia na kupanga maneno yake. Ukifika, keti kwanza, mwache asimulie, ndipo utembee nyumbani, na kilichoharibika kilipwe kwa kazi inayohusiana nacho. Baba yangu hakunipiga. Agosti nzima alinipeleka kila asubuhi kwa fundi huko Kamalondo, nikaosha vyuma kwa petroli na kumshikia spana mpaka injini ilipofunguliwa, ikatiwa pistoni mpya na kufungwa. Siku tuliyoirudisha nyumbani alinipa kijiti cha kupimia mafuta na kitambaa, akaenda kukaa kitini, akangoja.