Namna ya kulielewa neno “get”: tazama kinacholifuata

Anayeanza Kiingereza huambiwa mapema kwamba “get” ni kupata. Kwa sentensi chache za mwanzo hilo linamfaa, kisha linaanza kumpoteza. Akisoma “He got angry” anasema alipata hasira, na bado anakwenda. Akisoma “We got there at night” anasema tulipata pale usiku, anakwama. Akifika kwenye “She got him to sign”, anafunga kitabu.

Kazi yangu ni kutafsiri mazungumzo ya filamu, yale maandishi yanayopita chini ya picha, na jioni nafundisha watu wazima Kiingereza. Katika kazi zote mbili hakuna kitenzi kinachonijia mara nyingi kama hiki. Watu wakizungumza kwa kawaida hawahangaiki na “receive”, “obtain”, “become” wala “arrive”; yote hayo wanamtwisha “get”. Nami chini ya picha nina mistari miwili tu, kila mmoja herufi 40 hivi, kwa hiyo sina nafasi ya kuzungukazunguka. Lazima nijue “get” hii imetumwa kufanya kazi gani, nitafute kitenzi kimoja cha Kiswahili kinachoifanya.

Njia ninayoitumia, na ndiyo ninayowapa wanafunzi wangu, ni hii: usilikazie macho neno lenyewe, tazama kinacholifuata. “Get” inasema tu kwamba kuna kuhama, kutoka hali moja kwenda nyingine. Ni kuhama gani, utaambiwa na neno la pili.

Chukua maneno mawili, “Get down!” Kama risasi zinalia, naandika “Lala chini!” Kama ni mama anamwita mtoto aliye juu ya mti, naandika “Shuka!” Kama ngoma imekolea na mtu anawahimiza wenzake, hapo ni “Cheza!” Mwanafunzi anayetaka tafsiri moja ya maneno hayo ataitafuta mpaka achoke.

Likifuatwa na kitu

Hapa ndipo “kupata” inapofaa zaidi, lakini hata hapa jiulize kitu hicho kimemfikiaje mtu. “I got a letter”: barua imemjia, kwa hiyo aliipokea. “I got a new coat”: huenda amenunua, huenda amepewa, na ni maneno ya jirani yatakayokuambia. “Get me a chair” ni niletee kiti. “I got the flu” ni nilishikwa na mafua. Mlango ukibishwa na mtu akasema “I'll get it”, anasema atakwenda kufungua. Simu ikilia na akasema maneno yale yale, anasema ataipokea yeye.

Kitu kinachopatikana kinaweza kuwa maana yenyewe. “I get it” ni naelewa, “I don't get you” ni sikuelewi. Msemaji wa Kiswahili hapa asipate tabu hata kidogo, maana sisi wenyewe tunasema “nimekupata” na “umenipata?” kwa maana hiyo hiyo. Ila angalia “You've got me there”: huyo anakiri kwamba swali limemshinda, yaani hapo umeniweza.

Likifuatwa na sifa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wanafunzi wangu wanapoteleza sana, na kinachowatelezesha ni Kiswahili chao kizuri.

“Get” ikifuatwa na neno la sifa, maana yake ni kuingia katika hali hiyo. “He is getting old”, anazeeka. “It got dark”, giza liliingia. “The clothes got wet”, nguo zililowa. “The story gets better”, hadithi inazidi kunoga. Utaona kwamba Kiswahili hakihitaji msaidizi. Vitenzi vyetu kama kuzeeka, kuchoka, kulowa, kukauka na kuiva tayari vimebeba ule mwendo wa kubadilika ndani yake. Kiingereza kina sifa tupu, “old”, “tired”, “wet”, “dry”, “ripe”, na lazima kiiongezee kitenzi ndipo isogee.

Tatizo linatoka kwenye -me-. Tunaposema “nguo zimelowa”, tunasema mambo mawili kwa pamoja: kwamba zilipatwa na maji, na kwamba sasa hivi ziko katika hali ya kulowa. Kiingereza kinayatenganisha. Ukitaka hali ilivyo sasa, tumia “be”: “The clothes are wet.” Ukitaka badiliko lenyewe, tumia “get”: “The clothes got wet when it rained.” Vivyo hivyo “nimechoka” ni “I am tired”, lakini “nilichoka njiani” ni “I got tired on the way.” Na “ameolewa” ni “She is married”, ilhali “aliolewa mwaka jana” ni “She got married last year.” Nasikia mara nyingi mtu akisema “I get tired” akimaanisha kwamba amechoka sasa hivi. Mwingereza atakayemsikia ataelewa kwamba huyu ni mtu wa kuchokachoka, kila siku.

Kipimo changu ni rahisi. Chukua sentensi yako ya Kiswahili yenye -me- na uongeze “tangu muda mrefu”. Ikikubali, unaeleza hali, tumia “be”. Kisha jaribu kuongeza “ghafla” au “polepole”. Ikiwa hicho ndicho ulichotaka kusema, “get” ndiyo yako.

Katika ndoa kuna jambo jingine. “Get married” haimtaji nani anaoa na nani anaolewa. Sisi lazima tutaje. Nikikutana na “They got married” sina shida, walioana. Lakini mtu asiyeonekana usoni akisema “I got married”, nairudisha filamu nyuma nimjue msemaji kwanza.

Likifuatwa na mahali

Likifuatwa na mahali, ni kufika au kuhama. “We got home late”, tulichelewa kufika nyumbani. Kumbuka kwamba “home”, “here” na “there” hazitaki “to” mbele yake, lakini mahali penginepo panaitaka: “get home”, ila “get to the station”. “Get out” ni toka, “get up” ni amka au inuka, “get back” ni rudi au rudi nyuma.

Kwenye vyombo vya usafiri kuna kanuni inayosaidia. Basi, treni, ndege na meli unaweza kusimama na kutembea ndani, basi vinapata “get on” na “get off”. Gari dogo na teksi unajikunja ukaingia, basi ni “get in” na “get out of”. Baiskeli, pikipiki na farasi unavikalia juu, navyo vinarudi kwenye “get on” na “get off”.

Likifuatwa na kitenzi

Kitenzi kinaweza kuja kwa sura kadhaa, na kila sura inalingana na mojawapo ya ile mikia tunayoifunga mwishoni mwa vitenzi vyetu. Tangu nilipoliona hilo, kazi yangu ilikuwa nyepesi.

Kikija kwa umbo la tatu, kama “paid”, “caught” au “bitten”, mara nyingi “get” inafanya kazi ya kauli ya kutendwa. “They got paid” ni walilipwa. “The thief got caught” ni mwizi alikamatwa. Ungeweza kusema “was caught” pia, lakini “got” ina joto zaidi: kuna mtu limemfika jambo, la heri au la shari. Ndiyo maana haikai vizuri palipo na taarifa baridi. Kitabu “was written” mwaka fulani. Ukisema “got written” msomaji atadhani kulikuwa na misukosuko kabla hakijaisha. Yapo pia machache ambayo si ya kutendwa, yanataka kuzoewa tu: “get dressed” ni kuvaa, “get lost” ni kupotea. Ila “Get lost!” kwa sauti ya amri ni potelea mbali, na hutaki kulitamka kwa mgeni.

Kikitanguliwa na mtu kisha “to”, tumefika kwenye kutendesha, lakini kutendesha kwa namna yake. Linganisha hizi tatu. “She made him sign”: alimlazimisha. “She had him sign”: alimwagiza, naye akatia sahihi kwa kuwa ni kazi yake. “She got him to sign”: alimshawishi, alimbembeleza, alimzunguka mpaka akakubali. Kati ya hizo, “get” pekee ndiyo inayotaka “to”, na pekee ndiyo inayoonyesha kwamba kulikuwa na jitihada. Katika filamu tofauti hiyo inaweza kuamua nani ni mbaya wa hadithi, kwa hiyo siandiki “alimfanya atie sahihi” kwa zote tatu.

Kikitanguliwa na kitu bila “to”, mtu mwingine ndiye aliyefanya kazi: “I got the door fixed”, nilitengenezesha mlango. Hiyo -esha yetu ni hazina. Lakini si kila mara mtu alitaka. “He got his fingers caught in the door” haina maana kwamba alimtuma mtu ambane. Akili ya kawaida inatosha hapa.

Na kikija “to” moja kwa moja, tunapata tunu. “I got to see the sea” ni nilipata kuiona bahari, neno kwa neno, kwa maana ile ile ya kujaliwa nafasi. Lakini “I've got to see the sea” ni sina budi niione. Herufi mbili tu, “ve”, na katika usemi wa haraka hazisikiki. Sikiliza wakati wa jambo: bahati ya jana au sharti la sasa?

Hapa ndipo Marekani na Uingereza zinapotengana. Mmarekani ana “gotten”. Akisema “I've gotten a car”, amelipata. Akisema “I've got a car”, analo. Mwingereza wa leo hutumia “got” kwa yote mawili, na “gotten” imebaki kwake katika maneno machache kama “ill-gotten”, yaani iliyopatikana kwa njia ya haramu. Neno “get” lenyewe waliingia nalo Uingereza wasemaji wa Kinorse, lugha ya kale ya Skandinavia, waliokuwa na kitenzi “geta”. Kiingereza cha kale kilikuwa na ndugu yake ndani ya maneno ya kuunganishwa tu, na mmoja wao unamjua vizuri: “forget”.

Kupata isiyokuwa “get”

Usiende kinyumenyume pia, ukageuza kila “kupata” kuwa “get”. Kupata ajali ni “have an accident”. Kupata mtoto ni “have a baby”. Ukisema “get a baby” watakuuliza umemtoa wapi. Kupata faida ni “make a profit”. Kisu kisichopata ni kisu kisichokata, nacho ni “blunt”. “Umepata kusikia habari hii?” ni “Have you ever heard this?” Na “amepatwa na nini huyu?” mara nyingi ni “What's got into him?”, ambako mambo yamegeuka: kwetu mtu anapatwa, kwao kitu kinamwingia.

Upande mwingine kuna mkutano wa kupendeza. “They get along” ni wanapatana. Lugha mbili zisizo na nasaba zimechukua kitenzi cha kushika kitu na kukifanya cha watu kuelewana, na mimi huwa nalifundisha hilo kwa furaha.

Unapoandika

Katika barua ya kazi, ombi au taarifa rasmi, punguza “get”. Andika “We have received your letter”, “to obtain a permit”, “prices have become unstable”. Lakini ukizungumza, iache ifanye kazi yake. Anayesema “I obtained a cold” anasikika kama fomu.

Mwisho, jaribu sentensi hii ninayowapa wanafunzi, bila kutumia “kupata” hata mara moja: “I got him to get the roof fixed before the rains got worse, but he got there late and we got soaked.” Ziko tano. Ya kwanza ina mtu na “to”: nilimshawishi. Ya pili ina kitu na umbo la tatu: atengenezeshe paa. Ya tatu ina sifa: kabla mvua haijazidi. Ya nne ina mahali: alichelewa kufika. Ya tano ina “soaked”, na unaweza kuisoma kama sifa au kama kutendwa, jibu ni moja: tukalowa chapachapa.