Somo: moto wa kuni ndani ya Blender (programu ya kutengeneza picha za 3D), usiupake rangi, upe joto

Moto hauna ngozi. Ule umanjano wa kwenye mafiga ni chembe za masizi zilizopata joto zikang'aa. Zikianza kupoa zinakuwa nyekundu, zikipoa kabisa ndiyo moshi. Mioto yangu ya mwanzo nilikuwa naipaka rangi ya chungwa, ikatoka kama sharubati ya embe inayopanda juu.

Hatua ya 1. Weka tufe dogo, lichague, kisha Object, Quick Effects, Quick Smoke. Sanduku litalizunguka. Rudi kwenye tufe, Flow Type iwe Fire + Smoke.

Hatua ya 2. Kwenye sanduku, Resolution Divisions inaanza na 32. Jaribu kwa 64. Namba hiyo inagawa sanduku katika vijichumba vya kukokotolea moto. Kumbuka ukiizidisha mara mbili, vijichumba vinaongezeka mara nane. Cache Type iwe All, bofya Bake All (kompyuta ikokotoe moto wote na kuuhifadhi), nenda kanywe chai.

Hatua ya 3, na somo lote liko hapa. Fungua materiali ya sanduku, utaikuta Principled Volume. Blackbody Intensity (nguvu ya mwanga unaotokana na joto) iwe 1. Sasa usiiguse tena! Cheza na Temperature. Ile 1000 inayoanza nayo inazidishwa na joto la kila kijichumba, kwa hiyo kiini cha moto kinaweza kufika kelvini 3000, wakati kuni za kweli hazifiki huko. Shuka 800, halafu 650, ukirenda (ukitoa picha ya mwisho) fremu ileile. Ncha zitaiva wekundu na moto utafifia haraka, maana joto likipungua nusu mwanga unabaki sehemu moja ya 16. Ukiona giza, ongeza Exposure (mwangaza wa picha nzima).

Swali: Mwalimu, kwenye dirisha naona moto, nikirenda natoa moshi mtupu.
Jibu: Blackbody Intensity yako iko 0. Quick Smoke ya kawaida huiacha hivyo.

Swali: Kaka, katikati panakuwa peupe pee. Natumia toleo la 4.
Jibu: Toleo la 4.0 lilikuja na AgX (njia ya kugeuza mwanga kuwa rangi za skrini), nayo hupausha rangi mwanga ukizidi. Shusha Temperature kwanza, Exposure baadaye.

Swali: Laptopu ina RAM ya GB 8, inaganda Resolution Divisions ikiwa 128.
Jibu: Pole dada. Baki 64, washa Noise (inaongeza vipengele vidogo vya moshi), na sanduku liubane moto. Hewa tupu nayo inakula RAM. Ukilipunguza sanduku, bonyeza Ctrl+A, Scale, kisha bake upya.