Kuchagua programu ya kutunza manenosiri: ya bure au ya kulipia?

Wateja wanaoniomba niwawekee programu ya kutunza manenosiri huanza kwa kuuliza kama ile ya kulipia ni salama kuliko ya bure. Kwa usimbaji fiche, yaani kugeuza data isomeke na mwenye ufunguo tu, jibu ni hapana: katika Bitwarden, mojawapo ya programu hizo, ya bure na ya kulipia hufunga hazina yako (mahali manenosiri yako yote yanapokaa) kwa njia ileile ya usimbaji, AES ya biti 256, na KeePassXC, ambayo haina toleo la kulipia kabisa, nayo inatumia kiwango hichohicho. Fedha hununua urahisi, msaada kwa mteja na huduma chache za nyongeza, na ndiyo maana ninashauri bei iangaliwe mwishoni.

Hatua ya 1: Andika vifaa vyako na watu wako

Chukua karatasi uandike kila kifaa unachotumia kuingia kwenye akaunti zako, kisha uandike watu ambao hamna budi kutumia nenosiri moja, kama vile mhasibu anayeingia nawe kwenye akaunti ya kodi ya kampuni. Mwenye simu ya Android na kivinjari cha Chrome peke yake tayari anacho Kidhibiti cha Manenosiri cha Google, na mwenye iPhone ya iOS 18 au zaidi anayo programu ya Passwords iliyotolewa na Apple mwaka 2024. Zote mbili ni za bure na kwa mtu wa namna hiyo zinatosha, mradi nambari ya kufungulia simu isiwe ile inayojulikana na nyumba nzima. Usumbufu huanza pale mtu anapokuwa na iPhone mfukoni, Windows mezani na Firefox ofisini. Huyo anahitaji programu inayojitegemea.

Hatua ya 2: Tambua bure hiyo ni ya aina gani

Bitwarden na Proton Pass hazikuwekei kikomo cha idadi ya manenosiri wala vifaa katika mpango wa bure, kwa kuwa wanaolipia ndio wanaobeba gharama za wasiolipia. KeePassXC ni ya bure kwa maana nyingine: hazina ni faili lililo mikononi mwako, halikai kwenye seva ya kampuni yoyote, na kulifikisha kwenye simu ya Android, ambako utalifungua kwa programu ya KeePassDX, ni kazi yako mwenyewe. Anayependa kushika mambo yake kwa mkono ataifurahia. Asiyekumbuka kuhifadhi nakala atakuja kulia, maana hakuna dawati la msaada la kupigia. 1Password haina mpango wa bure, bali kipindi cha majaribio cha siku 14.

Ipo pia bure inayobadilika njiani. Tarehe 16 Machi 2021 LastPass, programu nyingine ya kutunza manenosiri, iliwataka watumiaji wake wa bure wachague kati ya simu na kompyuta, na mwaka 2025 Microsoft iliondoa utunzaji wa manenosiri katika Authenticator, programu yake ya misimbo ya kuthibitisha kuingia. Waliojua namna ya kuhamisha manenosiri yao waliondoka bila shida.

Hatua ya 3: Jaribu mlango wa kutokea kabla hujahamia

Wengi huiruka hatua hii, nami naiona kuwa ndiyo nzito kuliko zote. Fungua akaunti katika programu unayoifikiria, weka ndani akaunti tatu zisizo na uzito pamoja na kadi moja ya kubuni, kisha utafute katika mipangilio sehemu ya kuhamisha data na uchague CSV, aina ya faili la jedwali la maandishi ya kawaida. Lifungue faili hilo kwa Excel. Utaona jina la tovuti, anwani yake, jina la mtumiaji, na kando yake nenosiri lenyewe, herufi kwa herufi, bila kificho chochote. Sasa angalia kilichobaki nyuma: CSV ya Bitwarden, kwa mfano, hubeba akaunti na maandishi ya siri tu, ile kadi yako haimo. Kwa nakala ya akiba ya kweli chagua JSON iliyosimbwa, aina nyingine ya faili, na uilinde kwa nenosiri lake. Faili la CSV ukishalimaliza, lifute, kisha uliondoe pia kwenye pipa la taka la kompyuta, na usijitumie kwa WhatsApp hata kwa dakika moja.

Programu isiyokuruhusu kutoa vitu vyako, iache, hata kama ni ya bure.

Hatua ya 4: Tunga nenosiri kuu

Mwaka 2022 wavamizi waliiba nakala za hazina za wateja wa LastPass. Anwani za tovuti hazikuwa zimesimbwa, na manenosiri yaliyokuwa ndani yalibaki yanategemea uimara wa nenosiri kuu, lile moja linalofungua hazina nzima, la kila mteja, awe analipia au halipii. Basi fungua kamusi ukiwa umefumba macho, weka kidole, uandike neno lililoangukiwa, na urudie hadi upate maneno matano. Usitumie methali, kwa sababu anayebahatisha kwa Kiswahili ataanza na hizo. Liandike kwenye karatasi pamoja na nenosiri la barua pepe yako, uifungie karatasi hiyo mahali unapoweka hati za kiwanja, kwa kuwa Bitwarden hawana uwezo wa kukusomea nenosiri kuu ulilolisahau. Washa pia uthibitishaji wa hatua mbili, unaodai msimbo wa muda mfupi juu ya nenosiri, kwa programu ya misimbo badala ya SMS. Wezi wa laini tunawajua.

Hatua ya 5: Lipia kitu unachoweza kukitaja

Tumia mpango wa bure kwa mwezi hivi, kisha jiulize umekosa nini. Katika Bitwarden, watu wawili wanaweza kushirikiana manenosiri bila kulipa. Familia kubwa zaidi inahitaji mpango wa familia, unaochukua hadi watu sita. Sababu ninayoiona ya haki kuliko nyingine ni ufikiaji wa dharura, unaomwezesha mtu uliyemteua kuiomba hazina yako na kuipata baada ya muda uliouweka kupita bila wewe kumkatalia. Wewe mwenye hazina ndiye unayelipia, na mteuliwa anaweza kuwa na akaunti ya bure. Kulipia ili tu upate misimbo ya hatua mbili sikushauri, kwani Aegis, programu ya misimbo kwenye Android, inaitoa bure.

Kabla ya kuweka kadi, soma kinachotokea malipo yakikwama, hasa kama unatumia kadi ya mtandaoni unayoijaza kwa pesa za simu na ambayo siku ya makato huenda ikawa tupu. Bitwarden hukurudisha kwenye mpango wa bure. 1Password hugandisha akaunti, ukaweza kusoma na kuhamisha vitu vyako lakini usiweze kuongeza kipya.

Ukishaamua, zima uhifadhi wa manenosiri katika kivinjari na ufute yaliyomo humo, la sivyo nenosiri ulilobadilisha juzi litakuwa upande mmoja na la zamani upande wa pili.