SOMO: Kuitafuta njia ya kale ya misafara, Moshi hadi Arusha (soma kabla hujaniuliza)

Wakuu, kila wiki ujumbe ni uleule: "Njia ya misafara ilipita wapi hapa kwetu?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

1. Anza na maji. Mpagazi mwenye pembe ya ndovu begani hakuwa na haja ya njia fupi, alitaka kambi yenye maji na chakula. Ndiyo maana misafara ya Pangani ilipanda na mto, na ile ya Mombasa ikapumzika Taveta. Kimaasai maji ni "engare": Ngare Nairobi, Engare Nanyuki. Kila jina la namna hiyo litilie alama.

2. Pata ramani ya upimaji ya 1:50,000.

3. Fungua picha za setilaiti, chagua za kiangazi.

4. MAJINA. Hapa ndipo nilipoaibika. Nilisoma shajara ya msafiri wa karne ya 19, kaandika kafika Arusha. Nikatia alama mjini, nikachora mstari. Miezi mitatu nazunguka nayo, nawaonyesha watu. Tatizo likawa moja: watu waliokuwa wakienda kilomita 15 au 20 kwa siku, siku hiyo wakaruka zaidi ya 60 kama wamepanda basi. Nikajitetea kwamba msafiri kakosea kuhesabu siku! Mzee mmoja akaitazama ramani yangu, akaniuliza, "Arusha ipi, kijana?"

Ilikuwa Arusha Chini, kusini mwa Moshi, huko kwenye mashamba ya miwa ya kampuni ya sukari ya TPC. Waarusha walitoka huko wakahamia chini ya Mlima Meru miaka ya 1830 hivi, wakaondoka na jina lao. Moshi nayo ni vilevile. Moshi ya Mangi (chifu wa Wachaga) Rindi, na ya mwanawe Meli aliyenyongwa Machi 1900, ni Old Moshi kule juu. Mji wa leo ulikua huku chini baada ya reli ya Tanga kufika 1911. Ukikuta "Moshi" kwenye maandishi ya kabla ya reli, panda mlima.

ONYO: usitie alama kwa jina peke yake. Jina, maji na mwendo wa siku, vyote vitatu vikubaliane. Kimoja kikigoma, mwenye kosa ni wewe, si marehemu.

5. Pita kwa mtendaji wa kijiji, tafuta mzee wa pale, tembea. Usichimbe.

MASWALI

— Mkuu somo refu, tupia tu GPS.
Hatua ya 4.

— Kuna mali za Mjerumani kwenye hiyo njia? Mashine ya kutafutia vyuma ardhini ninayo.
Hakuna. Na kuchimba mambo ya kale bila kibali ni kosa, sheria ipo tangu 1964. Usinifuate inboksi.

— Mbona unajisumbua? Reli ilifuata njia ya misafara, si tufuate reli tu.
Nimeandika wapi hivyo? Injini inataka mteremko mdogo, mpagazi anataka maji. Kuna mahali zinaongozana, kuna mahali zinaachana. Rudia hatua ya 1, taratibu.

— Shikamoo mwalimu. Bibi yangu yuko Marangu, anasema walikuwa na njia za sokoni ambazo hazikushuka tambarare kabisa. Nazo zinahesabika?
Marahaba mwanangu. Zinahesabika sana, na wengi wetu tunazisahau kwa sababu hazikupitwa na Mzungu mwenye kalamu. Uchagani makorongo yanashuka kutoka mlimani, kwa hiyo anayekata mlima kwa upana hupita pale tu korongo linapovukika. Muulize bibi vivuko kwanza. Kisha siku za kila soko: masoko yalikuwa ya akina mama, na mama alitaka kurudi kabla ya giza, basi tayari una umbali. Muulize pia kilichobebwa. Magadi na vyungu vilitoka wapi? Chuma kilitoka Ugweno, kwa wahunzi wa Upare, hivyo kuna njia ya kuelekea huko. Masale (mimea ya Wachaga ya kuweka mipaka) ukiyaona yamejipanga mstari, uliza yalikuwa mpaka wa kihamba (shamba la ukoo) cha nani, maana njia nyingi zilipita mpakani. Ukimaliza lete mchoro wako hapa, nitauangalia.

— Mimi naendesha boda Himo. Mwezi wa tisa nyasi zikiungua, asubuhi jua likiwa chini, mifereji ya njia za zamani inaonekana yenyewe.
Hii sikuijua, asante kaka. Ila chunga njia za ng'ombe: hizo hujigawa mistari mingi sambamba. Wapagazi walikwenda mmoja nyuma ya mwingine, njia yao ni moja, nyembamba.

— Raba zinafaa huko?
Migunga itazitoboa. Vaa makatambuga.