Jinsi ya Kuitazama Upya Superman ya 1978 na Kuilinganisha na Zilizofuata

Anza na filamu ya 1978 iliyoongozwa na Richard Donner, uitazame hadi mwisho kabla hujagusa Man of Steel ya 2013 au Superman ya 2025, kwa sababu ukitangulia na mpya jicho litazoea kasi ya kompyuta na kuiona ya zamani kuwa nzito. Christopher Reeve, aliyeigiza Superman mwaka 1978, alipaishwa kwa nyaya na kwa picha zilizorushwa kwenye skrini. Kwa hiyo usipime uhalisia wa anga, bali mwili wake, namna anavyonyoosha mabega akiwa shujaa na kuyakunja akiwa Clark Kent, mtu wa kawaida ambaye Superman hujificha nyuma yake. Katika hilo, kwa maoni yangu, hajafikiwa.

Kisha chagua tukio moja la kulinganisha, na lililo bora kabisa ni hatima ya baba mlezi wa Superman. Mwaka 1978 Jonathan Kent anauawa na ugonjwa wa moyo, ambao nguvu zote za mwanawe haziwezi kuuzuia. Mwaka 2013 anachukuliwa na kimbunga huku akimkataza kijana asimwokoe, na hapo huzuni ya kushindwa inageuka kuwa huzuni ya kuchagua. James Gunn, mwongozaji wa ile ya 2025, amemwacha hai. Andika unavyoielewa tofauti hiyo kabla ya kusoma uhakiki wa wengine.

Muziki hauhitaji muda mrefu: sikiliza wa John Williams katika filamu ya 1978, kisha wa Hans Zimmer katika ile ya 2013, halafu utambue jinsi ule wa kwanza unavyorejea katika filamu ya 2025.